Pilipili za ukali wa kati nyumbani Dodoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yamelenga mwenye ua wa nyumba Dodoma mjini, Kongwa, Mpwapwa, Manyoni au pengine popote kanda ya kati: ndoo kadhaa barazani, au tuta moja mbili nyuma ya jiko, na maji ambayo lazima yapimwe. Sehemu ya kwanza ni ya bustanini, ya pili ni ya jikoni.

Pilipili ya ukali wa kati ni ipi hasa?

Ukali wa pilipili hupimwa kwa kipimo cha Scoville, kilichobuniwa mwaka 1912 na mfamasia wa Marekani, Wilbur Scoville. Aliwaonjesha watu maji ya sukari yenye dondoo ya pilipili, akaendelea kuyazimua mpaka waonjaji wasihisi mwasho. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na mashine, ila jina limebaki.

Pilipili hoho ina sifuri. Halapenyo, ambayo kwenye pakiti huandikwa Jalapeño, ina 2,500 hadi 8,000. Serano ina 10,000 hadi 23,000. Pilipili ndefu nyembamba za jamii ya kayene hufika 30,000 hadi 50,000. Pilipili kichaa hupita hapo, na pilipili mbuzi, ambayo ni ndugu wa habanero, huanzia 100,000 kwenda juu. Hapa tunazungumzia hasa halapenyo na serano. Pilipili ndefu tunaiingiza kwa masharti: ikichumwa ingali kijani na ikatolewa moyo wake, inafaa kwa mapishi mengi yaliyomo humu.

Mbegu napata wapi? Za pilipili niliyonunua sokoni zinafaa?

Pilipili ndefu ipo karibu kila duka la pembejeo. Halapenyo na serano huenda ukalazimika kuagizia. Angalia tarehe ya kwisha muda na lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu nchini. Pakiti iliyokaa dirishani mwa duka ikipigwa jua, iache hata kama tarehe haijapita, kwa sababu joto huua uotaji.

Za sokoni zinaota, kwa sharti kwamba tunda limeiva likawa jekundu. Mbegu za tunda la kijani mara nyingi hazijakomaa. Shida ni kwamba ukikuta tunda lilitokana na mbegu chotara, yaani zile zenye alama ya F1, watoto hawatafanana na mama: mmoja mkali, mwingine baridi, mwingine matunda madogo. Kwa matumizi ya nyumbani si hasara kubwa. Kwa mtu anayetaka ukali anaoujua, nunua pakiti.

Nipande lini?

Hili ndilo swali linalofanya wengi wakate tamaa, kwa sababu hufuata kalenda ya mahindi: mvua imeanza Desemba, basi tupande kila kitu. Pilipili ikiwa na maua Februari katikati ya mvua hupata chule, ugonjwa wa madoa meusi yanayobonyea kwenye tunda, na udongo mzito ukituamisha maji mizizi huoza.

Kwa anayeweza kumwagilia, ratiba inayokubali kanda ya kati ni hii. Sia mbegu mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Hamisha miche katikati ya Aprili, mvua zinapokaribia kukatika na udongo bado una unyevu. Mimea itajenga mizizi kabla ya baridi ya Juni, itachuma nguvu wakati wa ukavu, na utaanza kuvuna kati ya mwisho wa Juni na Julai. Usiku wa Juni na Julai Dodoma hushuka hadi nyuzi 13 au 14, hivyo matunda yatakwenda taratibu, lakini magonjwa ya ukungu yanakuwa machache. Agosti na Septemba ndiyo miezi ya neema.

Dirisha la pili ni kusia mwishoni mwa Juni mahali penye joto, ukahamisha Agosti. Hapo unapambana na mambo mawili: upepo wa Agosti, na joto la Oktoba na Novemba litakalokuta mmea kwenye maua. Inawezekana ukiwa na kivuli cha alasiri. Mche ukipandwa upande wa mashariki wa nyumba hupata jua la asubuhi, kisha ukuta unaukinga kuanzia saa nane hivi, na hakuna wavu wa kununua utakaokupa kivuli rahisi kuliko huo.

Naandaaje miche?

Loweka mbegu usiku kucha kwenye maji ya uvuguvugu. Jaza trei ya miche, au vikombe vya plastiki vilivyotobolewa chini, kwa mchanganyiko wa sehemu mbili za udongo wa juu uliochekechwa, sehemu moja ya samadi iliyooza kabisa na sehemu moja ya mchanga wa mtoni. Fukia mbegu sentimita 1, si zaidi. Funika kwa nyasi kavu, mwagilia kwa kopo lenye matundu madogo.

Katika joto la nyuzi 25 hadi 30 mbegu huota siku ya 8 hadi ya 14. Wakati wa baridi zinaweza kuchukua wiki 3, kwa hiyo usichimbue kuangalia. Ikiwa robo tatu zimeota, toa nyasi jioni ileile, la sivyo miche itarefuka na kupauka ikitafuta mwanga.

Miche huwa tayari ikiwa na majani halisi 5 au 6 na urefu wa sentimita 12 hadi 15, wiki ya 6 hadi ya 8. Siku 7 za mwisho ipunguzie maji na uitoe juani saa chache kila siku. Hamisha jioni, baada ya kumwagilia kitalu, na uipande kwa kina kilekile ilichokuwa nacho.

Miche inakatika shingoni na kulala. Nini hiki?

Kama shina limekuwa jembamba na la kahawia usawa wa udongo, ni kinyausi, ugonjwa wa ukungu unaoletwa na maji mengi, mbegu zilizobanana au samadi mbichi. Miche iliyoanguka haifufuki. Ing'oe, punguza maji, mwagilia asubuhi tu, na usitumie udongo huo tena kwa kitalu.

Kama shina limekatwa safi na mche umelala kando, huyo ni sota, kiwavi anayekata miche. Fukua udongo kando ya shina asubuhi mapema utamkuta amejikunja. Pete ya chupa ya plastiki, sentimita 5 juu ya udongo na 3 ndani, inamzuia.

Ndoo au ardhini?

Ukiwa na maji machache, ndoo. Ukiwa na muda mchache, ardhini, kwa sababu ndoo haisamehe siku uliyosahau.

Ndoo moja ya lita 20 hutosha mche mmoja wa halapenyo. Ndoo ya lita 10 inatosha serano, lakini kwenye joto la Oktoba utamwagilia mara mbili kwa siku. Toboa matundu 6 hadi 8 chini, kila moja upana wa kidole kidogo. Ndoo nyeusi iliyosimama kwenye sakafu ya saruji juani hupika mizizi. Ipake chokaa nje au iinue juu ya tofali mbili.

Udongo wa ndoo: sehemu tatu za udongo mwekundu wa juu, mbili za samadi ya mbuzi au ng'ombe iliyooza miezi isiyopungua 3, moja ya mchanga. Udongo mweusi wa mbugani haufai ndoo. Ukilowa unaziba, ukikauka unapasuka na kukata mizizi.

Ardhini, tenganisha mashimo sentimita 45 na mistari sentimita 60. Usipande mahali palipokuwa na nyanya, nyanya chungu, bilinganya au viazi mviringo ndani ya misimu miwili iliyopita. Ni ukoo mmoja na hurithishana mnyauko na minyoo fundo, yaani minyoo midogo inayovimbisha mizizi. Baada ya vitunguu, mahindi au mtama, hapo pazuri. Samadi weka ndoo moja ya lita 20 kwa kila mita 3 za tuta, uichanganye na udongo wiki 2 kabla ya kuhamisha miche.

Upepo wa kuanzia Juni hadi Septemba huvunja matawi yenye matunda. Kila mche uwe na kijiti cha sentimita 70, kichomekwe siku ya kupanda kabla mizizi haijasambaa. Uzio wa mabua ya mtama au uwele upande unakotoka upepo unasaidia kuliko ukuta mtupu, kwa sababu ukuta huurusha upepo ukaangukia upande wa pili kwa nguvu.

Maji kiasi gani?

Chomeka kidole mpaka kiungo cha pili. Kukiwa kukavu, mwagilia. Kukiwa na unyevu, acha, hata kama juu pameonekana vumbi.

Kwa makadirio, mche wenye matunda kwenye ndoo ya lita 20 unataka karibu lita 1 kwa siku mwezi Juni, na lita 1.5 hadi 2 mwezi Oktoba. Ardhini, lita 3 hadi 4 kila baada ya siku 2 au 3 ni bora kuliko kikombe kila siku, maana maji ya juujuu hufundisha mizizi kubaki juu. Matandazo ya nyasi kavu au maganda ya karanga, unene wa sentimita 5, hupunguza sana maji yanayopotea kwa jua. Yaache mbali na shina kwa upana wa vidole viwili, na kagua mchwa. Dodoma matandazo makavu kabisa ni karamu yao.

Sasa la chumvi. Visima vingi vya kanda ya kati vina maji yenye chumvi, na pilipili haivumilii kama spinachi. Dalili ni kingo za majani kukauka na utando mweupe juu ya udongo wa ndoo. Dawa si mbolea. Kila baada ya wiki 3 mwagilia ndoo kwa wingi mpaka maji yatiririke chini kwa dakika moja au mbili, ili yasombe chumvi. Ukiweza kukinga maji ya mvua, yaweke kwa ajili ya miche michanga, ambayo ndiyo dhaifu zaidi. Maji ya kufulia yenye sabuni ya unga yana sodiamu nyingi, usiyatumie. Yaliyooshea mboga na mchele ni sawa.

Mbolea gani?

Samadi nzuri inabeba nusu ya kazi. Wiki 3 baada ya kuhamisha, weka CAN kifuniko kimoja cha soda kwa kila mche wa ardhini, nusu kifuniko kwa wa ndoo, kwa mduara ulio sentimita 10 kutoka shinani, kisha mwagilia. Maua ya kwanza yakitokea, rudia kwa NPK iliyo sawa kwa sawa, mfano 17-17-17, kipimo kilekile. Baada ya hapo, kiganja cha samadi kila mwezi.

Jirani mwenye mche wa mita moja, kijani kibichi na bila tunda, karibu kila mara ameweka yurea, mbolea ya nitrojeni inayokuza majani. Majivu ya jikoni nayo yasizidi kiganja kimoja kwa mche kwa msimu mzima. Kwa wenye maji ya chumvi, bora kuyaacha kabisa.

Maua yanapukutika. Kwa nini?

Kwanza tazama kalenda. Joto la mchana likipita nyuzi 33 hivi, hasa likifuatwa na usiku wa joto, chavua hufa na ua huanguka. Usiku ukishuka chini ya 15, chavua hudhoofika pia. Matunda machache yatakayoshika yatakuwa mafupi, bapa, yenye mbegu chache. Yote haya hupita yenyewe hali ya hewa ikibadilika. Mmea wenyewe si mgonjwa.

Kama hali ya hewa ni nzuri na bado yanaanguka, sababu ni maji ya vipindi (kukauka mpaka majani yanalegea, kisha gharika), nitrojeni nyingi, au vithiripi ndani ya ua. Pukutisha ua juu ya karatasi nyeupe. Vijidudu vyembamba vya njano au kahawia vikikimbia, ndivyo hivyo. Ua la pilipili hujichavusha lenyewe. Kutikisa mche taratibu asubuhi saa tatu au nne huongeza matunda kwa mimea iliyo barazani kusikopita nyuki wala upepo.

Majani yamejikunja. Nipulize dawa gani?

Usipulize chochote kabla ya kugeuza jani. Dalili moja hii ina sababu nne au tano, na dawa ya moja haigusi nyingine.

Jani limekunjwa kwenda juu kama mtumbwi, lina michirizi ya fedha: vithiripi. Limekunjwa kwenda chini, jembamba, ncha za juu zimekakamaa na kung'aa kama shaba: utitiri mpana, ambao huwezi kuuona kwa macho. Chini ya jani kuna makundi ya wadudu wa kijani au weusi, jani linanata na sisimizi wanapanda: vidukari. Wadudu weupe wanaruka ukigusa mche: nzi weupe. Jani lina madoa ya kijani na njano yaliyochanganyika, mche umedumaa: ni batobato, ugonjwa wa virusi, na hauna dawa. Ng'oa, choma, nawa mikono. Mvuta sigara anawe kwa sabuni kabla ya kugusa miche, maana virusi vya batobato ya tumbaku hubebwa na vidole.

Kwa vidukari na nzi weupe anza na sabuni ya maji, mililita 5 (kijiko kimoja cha chai) kwenye lita 1 ya maji, upulizie chini ya majani jioni, urudie baada ya siku 4. Jaribu jani moja kwanza, subiri kesho yake.

Kwa vithiripi na wadudu wanaotafuna majani, miarobaini imejaa Dodoma na mbegu zake huanguka bure barabarani. Menya, kausha kivulini, twanga. Gramu 50 za unga huo kwenye lita 1 ya maji, loweka saa 12, chuja kwa kitambaa, ongeza matone machache ya sabuni ya maji. Puliza jioni ileile, kwa sababu jua huvunja nguvu yake na dawa iliyolala siku mbili ni maji machungu tu. Rudia kila siku 5 hadi 7, mara 3.

Utitiri mpana hausikii sabuni vizuri. Kata ncha zilizokakamaa uzichome, kisha salfa ya kupulizia hufanya kazi, mradi si wakati wa joto kali maana huunguza majani. Ukifika hatua ya dawa za dukani, chukua iliyosajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu nchini, soma kiuatilifu ni cha mdudu gani, na uheshimu idadi ya siku za kusubiri kabla ya kuchuma. Pilipili ya nyumbani inachumwa kila siku mbili tatu, na hapo ndipo watu hujisahau.

Tunda lina doa jeusi kitakoni, jepesi kama ngozi.

Kitako kuoza. Madini ya kalisiamu hayakufika kwenye tunda, na mara nyingi si kwamba hayamo kwenye udongo. Ni maji yaliyokatika katika wiki ambayo tunda lilikuwa linakua. Sawazisha umwagiliaji na matunda yajayo yatakuwa mazima. Doa jeupe, kavu kama karatasi, upande unaotazama jua la alasiri ni jambo jingine: tunda limeungua. Acha majani, usipogoe ovyo.

Nimepanda halapenyo karibu na hoho. Hoho zitawasha?

Hapana, si msimu huu. Nyama ya tunda hufuata mmea mama. Mbegu zilizomo ndani ndizo zinaweza kuwa zimechanganyika, kwa hiyo ukizipanda mwakani ndipo utashangaa.

Kuku wanakula pilipili zangu. Haziwawashi?

Haziwawashi hata kidogo. Ndege hawahisi kapsaisini, kemikali inayowasha, na porini ndio wanaosambaza mbegu zake. Kupaka pilipili kwenye uzio ili kuzuia kuku ni kuwaongezea kiungo. Weka wavu.

Mbona nyingine kali, nyingine baridi, na zote za mche mmoja?

Tunda lililokomaa lina ukali kuliko changa. Tunda lililokua kipindi cha jua kali na maji ya kubana lina ukali kuliko la kipindi cha maji mengi. Hapo una usukani mkononi: wiki moja kabla ya kuchuma, mwagilia pale tu majani yanapoanza kulegea adhuhuri, ukali utapanda. Ukitaka baridi, mwagilia sawasawa na chuma mapema. Usikaushe mpaka maua yaanguke.

Nichume lini?

Halapenyo ya kijani ikiwa na urefu wa sentimita 6 hadi 8, ngumu ukiibonyeza, inang'aa, siku 70 hadi 85 tangu kuhamisha mche. Mistari midogo ya kahawia kwenye ngozi ni alama ya ukomavu, wala si ugonjwa, ingawa mnunuzi asiyeijua hukataa. Ukiiacha wiki 2 hadi 3 zaidi inakuwa nyekundu, tamu zaidi na kali zaidi. Kata kwa mkasi na uache kikonyo; ukivuta kwa mkono tawi zima linakuja.

Kuchuma mara kwa mara kunaufanya mche uendelee kuzaa. Mche wenyewe unaweza kuishi zaidi ya mwaka. Mwishoni mwa mavuno kata matawi ubakize sentimita 20 hadi 25, weka samadi, utachipua. Msimu wa pili huwa na matunda madogo kidogo, wa tatu haulipi maji yake.

Jikoni: ukali uko kwenye mbegu?

Uko kwenye utando mweupe unaoshika mbegu. Mbegu zinawasha kwa sababu zimegusana nao. Kwa hiyo kukung'uta mbegu na kuacha utando ni kazi bure. Pasua kwa urefu, kokota utando wote kwa ncha ya kijiko, na sehemu kubwa ya ukali imetoka. Ukitaka zaidi, loweka vipande kwenye maji ya chumvi na siki nusu saa, mwaga.

Mchuzi uliokwisha kuwa mkali hauokolewi kwa maji. Kapsaisini haiyeyuki kwenye maji, huyeyuka kwenye mafuta. Ongeza tui la nazi, karanga zilizosagwa au maziwa. Mdomo ukiwaka, kunywa maziwa mgando. Protini yake hubeba kapsaisini ikaondoka nayo. Soda baridi inapoza kwa sekunde kumi.

Mikono inawaka tangu jana.

Paka mafuta ya kula, sugua dakika moja, ndipo uoshe kwa sabuni ya vyombo. Rudia mara mbili. Kuanzia na maji hueneza mwasho. Kwa kazi ya kilo nzima vaa glavu au mfuko wa plastiki. Jicho likiingiwa, osha kwa maji safi mengi dakika 15, bila mafuta wala maziwa. Usimshike mtoto kabla ya kunawa.

Niweke ngapi kwenye sufuria?

Halapenyo moja ya wastani, bila utando, kwa mboga ya watu wanne, inaleta joto ambalo hata mgeni asiyezoea atalivumilia. Moja pamoja na utando wake ni kwa wenye nyumba. Serano, anza na nusu. Pilipili ndefu, robo.

Wakati wa kuiweka una uzito sawa na idadi. Ikikaangwa mwanzoni na kitunguu kwenye mafuta ya alizeti, ukali husambaa sufuria nzima ukawa wa chini kwa chini. Ikiwekwa dakika 3 za mwisho, inabaki na harufu ya kijani na inachoma hapa na pale. Kwa mlenda na maharage ya karanga, tumbukiza pilipili nzima yenye kikonyo, isiyopasuka, iache ichemke juu, kisha itoe kabla ya kusonga au kukoroga kwa nguvu. Unabaki na harufu, na anayetaka ukali anaiminya kwenye sahani yake.

Pilipili ya kuchoma kwa ajili ya nyama ya mbuzi inatengenezwaje?

Halapenyo 8, nyanya 3 za wastani, nusu ya kitunguu maji, punje 4 za kitunguu saumu na maganda yake, ndimu 2, chumvi kijiko kimoja cha chai.

Weka pilipili, nyanya na saumu kwenye wavu wa jiko la mkaa, nje, maana moshi wake unakaba koo. Geuza mpaka ngozi za pilipili ziwe nyeusi pande zote, dakika 8 hadi 10. Saumu itoe mapema, ikiungua inakuwa chungu. Tia pilipili kwenye bakuli, funika dakika 10, kisha ngozi zitavuka kwa vidole. Usizioshe kwa maji. Ladha ya moshi itaondoka. Twanga kwenye kinu saumu na chumvi kwanza, halafu pilipili, mwisho nyanya. Katakata kitunguu kibichi, changanya, kamua ndimu. Blenda hutoa povu na rangi ya waridi, kwa hiyo kinu kitumike. Asiyependa nyanya aweke nusu kikombe cha maji mazito ya ukwaju, aache ndimu. Hukaa siku 4 kwenye friji.

Za kujaza na kukaanga kama bajia?

Halapenyo 10 kubwa, zipasue upande mmoja tu, toa utando, acha kikonyo. Ponda viazi 3 vilivyochemshwa na chumvi, binzari nyembamba na giligilani, jaza. Rojo: kikombe kimoja cha unga wa dengu, vijiko vikubwa 2 vya unga wa mchele, chumvi, maji kidogo kidogo mpaka lishike mgongo wa kijiko. Zikaushe pilipili kwa kitambaa kabla ya kuchovya, la sivyo rojo litateleza. Mafuta yawe ya moto wa kati, dakika 4 hadi 5. Mafuta ya moto sana huunguza nje upesi na pilipili inabaki mbichi.

Achari ya siki?

Nusu kilo ya halapenyo zilizokatwa duara za nusu sentimita. Siki yenye asilimia 5 ya asidi mililita 400, maji mililita 400, chumvi isiyo na iodini kijiko kimoja kikubwa na nusu, sukari kijiko kimoja kikubwa, saumu punje 4. Chemsha chupa ya kioo dakika 10. Chemsha siki na vingine, tia pilipili, ikirudi kuchemka tu epua. Jaza chupa, pilipili zizame zote, funika, poza, weka kwenye friji. Baada ya siku 3 iko tayari, na hukaa miezi 2. Siki ya chupa isiyoandikwa asilimia usiitumie. Asiye na friji atengeneze kidogo, siki tupu bila maji, aimalize ndani ya siku chache.

Naweza kuhifadhi pilipili mbichi kwenye mafuta?

Si nje ya friji. Mafuta huzuia hewa, na pilipili au saumu mbichi ndani yake hutoa mazingira ya bakteria wanaotoa sumu ya botulisimu, isiyo na harufu wala ladha. Friji, siku 4, basi. Pilipili iliyokauka kabisa ndiyo inayoingia kwenye mafuta kwa usalama.

Nikaushe vipi, na unga unakaa muda gani?

Ukavu wa Mei hadi Oktoba ni hazina, ila halapenyo ina nyama nene na ikikaushwa nzima huoza kabla ya kukauka. Pasua mara mbili au kata duara. Pilipili ndefu inakauka nzima. Tandaza safu moja juu ya chekeche au wavu ulioinuliwa mita moja kutoka chini, funika kwa chandarua kuzuia vumbi na inzi, ingiza ndani usiku. Siku 3 hadi 5. Imekauka pale inapovunjika kwa mlio, ikipinda, bado. Nusu kilo ya halapenyo itakupa gramu 50 hivi.

Kuanika chini kwenye mkeka ndiko kunakoleta sumukuvu, sumu inayotoka kwa ukungu. Mwaka 2016 sumu hiyo, iliyotokana na mahindi, iliua watu Dodoma na Manyara, na pilipili kavu nayo hushikwa na ukungu uleule. Kipande chenye utando wa kijani, kijivu au mweusi tupa chote. Kusaga au kupika hakuondoi sumu.

Saga nje, kitambaa puani, subiri dakika 5 kabla ya kufungua blenda. Pilipili kavu nzima kwenye chupa iliyofungwa vizuri, mbali na mwanga na jiko, hukaa mwaka. Unga hukaa miezi 6 kabla ya harufu kupotea, kwa hiyo saga wa mwezi mmoja tu na uache nyingine nzima.